Siku 10 Corumbá kwa sababu ya kadi ya njano

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Arusha. "Dada, viza ya Brazili imetoka! Naondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Brazili kwanza, halafu Bolivia na Argentina. Kadi ya njano kuna mtu atanitengenezea." Kadi ya njano ni cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano. Hongera ya viza, mdogo wangu, najua ulivyoihangaikia. Ila hiyo sentensi ya mwisho imenirudisha kwenye daraja moja dogo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mwaka 2019 na mimi nilikuwa na mtu. Kishoka tu, nilielekezwa kwake na mwenzangu wa kazini. Nikampa hela na nakala ya pasi, jioni akaniletea kadi: jina langu, mhuri, saini, tarehe ya miezi miwili nyuma. Sindano sikuiona. Nikajiona mjanja wa mjini. Dar mpaka Addis Ababa, Addis mpaka São Paulo, hakuna aliyeifungua. Viza ya Bolivia niliipata palepale São Paulo, tukapanda basi kwenda Campo Grande na kisha Corumbá, mimi na rafiki yangu wa tangu chuo. Tulikuwa tukiizungumzia Uyuni, lile jangwa la chumvi la Bolivia, miaka minne.

Corumbá ni mji wa Brazili ulio kando ya Mto Paraguay, karibu kabisa na Bolivia. Asubuhi tukagongewa mhuri wa kutoka, tukavuka daraja kwa miguu. Rafiki yangu akapita. Kadi yangu afisa aliigeuzia mwanga wa dirisha, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye kisanduku kimoja. "¿Lote?" Kilikuwa kitupu. Hapo huandikwa mtengenezaji wa chanjo na namba ya toleo lake, ambayo muuguzi huinakili kutoka kwenye kichupa. Kadi yangu haikuwahi kukaribia kichupa chochote.

Nikajitetea kwamba natoka Tanzania, kwetu hakuna mlipuko wa homa ya manjano. Hakubishana nami. Akafunua pasi, akanionyesha mhuri wa Brazili. Alichotaka kujua ni wapi nilikolala jana yake, na Brazili homa ya manjano ipo. Hili wengi wetu hatulijui: cheti unaweza kudaiwa hata kwa ajili ya nchi uliyopita njiani tu.

Nikarudi darajani peke yangu na begi mgongoni. Brazili nilishagongewa mhuri wa kutoka, na viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Sijapata kuogopa vile. Polisi wa Brazili wakaongea wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu, mwishowe wakaufuta ule mhuri. Kituo cha afya nikachomwa bure, maana kule chanjo za serikali hata mgeni halipii, na cheti cha kimataifa nikapewa. Kisha muuguzi akaninyooshea vidole vya mikono yote miwili. Kumi. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Rafiki yangu hakunisubiri. Alinitumia ujumbe kutoka Santa Cruz, mji wa Bolivia, kwamba tutaonana Dar. Picha za Uyuni niliziona kwenye simu, nimelala chini ya feni Corumbá. Bado inaniuma, siwezi kuficha, na hatujasafiri tena pamoja. Uyuni mimi nilifika, peke yangu, na naringia hilo mpaka leo.

Kwa hiyo ninyi mnaoiota Amerika Kusini, chomeni sindano. Ya kweli, kwenye kituo kinachotambulika. Tangu Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha, unachoma mara moja basi. Kabla hujatoka mlangoni angalia jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasi, na kisanduku cha toleo kimejazwa. Kama una mimba au unanyonyesha, umevuka miaka 60, kinga yako ya mwili ni dhaifu, au mayai yanakudhuru, muone daktari kwanza. Wengine wote, chomeni mapema. Narudia: mapema. Tunatumia mamilioni kwa tiketi halafu tunakwepa sindano ya dakika moja! Tuache.

Na wewe wa Arusha, viza yako itazame tena. Maporomoko ya Iguazú yana upande wa Brazili na upande wa Argentina, na kwa pasi yetu Argentina inataka viza hata ukienda kwa saa mbili. Ubalozi wao uko Nairobi, kwa hiyo hilo huwezi kulimaliza wiki hii. Na hata ukiipata, kurudi Brazili ni kuingia upya, kwa hiyo viza ya mara moja haitakufaa. Siku utakapovuka, basi la mjini la kutoka Foz do Iguaçu, mji wa upande wa Brazili, husimama kwa Waargentina, ila upande wa Brazili dereva anaweza kupitiliza usipomwambia. Mwambie. Shuka, gongewa mhuri, hata basi likikuacha.

Leo ni Jumanne. Ukichoma kesho, siku ya 10 itaangukia Jumamosi ya wiki ijayo, ukiwa umeshafika São Paulo. Bolivia iweke baada ya hapo. Huyo mtu wako usimpigie.