Karipio laweza kuzidisha utundu

Mwalimu, umeuliza kama karipio laweza kuzidisha utundu darasani. Ndiyo, kumkaripia kila mara mwanafunzi anayepiga kelele kunaweza kuzidisha kelele hizo, kwa sababu kwa baadhi ya watoto karipio, jicho kali na hata kusihiwa kwa upole ni namna ya kushughulikiwa, na tendo linalomletea mtoto kushughulikiwa hurudiwa. Brian Iwata, mtafiti wa tabia, na wenzake, katika utafiti wao wa Marekani wa mwaka 1982 kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa wakijiumiza, walikuta kwamba kichocheo hakikuwa kimoja kwa wote: kutegemea mhusika, kujiumiza kulipanda aliposhughulikiwa, alipopewa kazi au alipoachwa peke yake. Hilo la kazi ni muhimu sana, kwani anayepiga kelele ili akwepe hesabu atafurahi ukimtoa nje.

Katika madarasa yetu ya msingi hapa Uganda yaliyofurika, mtoto aliyetulia hupita siku nzima bila kutajwa jina, na hilo linanisikitisha. Mtajie papo hapo alichofanya vizuri, kwa mfano, “Umenyoosha mkono ukasubiri,” badala ya “Hongera” tupu. Ila kwa mwenye haya, sifa ya mbele ya wenzake yaweza kumuumiza, basi mnong’oneze. Ukianza kupuuza kelele, huenda zikapanda kwanza kabla hazijashuka, na usije ukamshughulikia katikati, maana hapo utakuwa umemfundisha kupaza sauti zaidi. Kupigana na kujiumiza havipuuzwi kamwe.