Kikombe cha mchele mlangoni: majibu yangu kuhusu kuishi kijijini Java

Naishi katika kitongoji kidogo cha wilaya ya Magelang, Java ya Kati, upande wa magharibi wa Mlima Merapi. Hapa ndipo kwao mume wangu. Mimi kwetu Tanga. Tangu niliposema hivyo mmeniandikia wengi kuuliza juu ya ardhi, wezi na volkano. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

Dada, nimechumbia binti wa Java ya Kati. Wakwe wamenionyesha kiwanja kizuri jirani na kwao. Wanasema nilipe, kiandikwe jina la shemeji, halafu baadaye tutageuza. Ni salama? (Msomaji wa Morogoro)

Kaka, usilipe. Najua utaonekana mkaidi mbele ya wakwe, lakini vumilia.

Sheria ya Ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960, na haki kubwa kuliko zote ndani yake inaitwa *hak milik*. Hapo huhitaji mkalimani: Kiarabu kilichotupa sisi haki na milki ndicho kilichowapa na wao. Haki hiyo ni ya raia. Kifungu cha 26 kinasema kwamba mauziano yoyote yenye lengo la kumpa mgeni ardhi ya aina hiyo, waziwazi au kwa mlango wa nyuma, ni batili. Ardhi inakwenda serikalini na pesa iliyolipwa hairudi. Kuandika jina la shemeji huku mwenye mali ni wewe, ndio mlango wa nyuma wenyewe. Na hiyo "baadaye tutageuza" haipo kabisa maadamu wewe si raia.

Simsemi vibaya shemeji yako. Huenda ni mtu mwema sana. Lakini mtu mwema naye hufa, na warithi wake (wao husema *waris*) watakuta cheti kina jina la baba yao. Mtu mwema huuguliwa na mtoto, akakosa pa kushika, akaweka cheti rehani benki. Siku hiyo utamshitaki nani, na kwa karatasi gani?

Njia ya halali ipo. Kabla ya ndoa, nendeni kwa *notaris*, mwanasheria anayeandika hati, muandike makubaliano kwamba mali ya kila mmoja ni yake. Msipoandika, mali inayopatikana ndani ya ndoa huhesabiwa ni ya wote wawili, na wewe mgeni ukishakuwa na fungu lako humo, mkeo naye anakwama kununua ardhi ingawa ni raia. Waliooana bila kuandika wasikate tamaa: mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba makubaliano hayo yanaweza kuandikwa hata ndoa ikiwa imekwisha fungwa. Baada ya hapo mkeo ananunua kwa jina lake, na nyumba ni yake. Wewe utaishi humo kama mume. Ukiona hilo gumu kulimeza, panga nyumba kwa miaka kadhaa, au uliza habari za *hak pakai*, haki ya kutumia ardhi kwa muda, ambayo mgeni mwenye kibali cha kuishi anaruhusiwa kuwa nayo.

Mimi mwenyewe sina hata hatua moja ya ardhi hapa. Nyumba ninamoandikia haya ina jina la mume wangu, na makubaliano yetu yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Nafanya kazi za ndani Muscat. Mwenzangu wa miaka mingi anatoka Indramayu, kila mwezi anamtumia kaka yake pesa za kiwanja na ujenzi. Ana wasiwasi, kama nilionao mimi na kiwanja changu cha Kilifi. Nimwambie nini?

Mdogo wangu, swali hili limenigusa, kwa sababu nyumba nzuri kupita zote katika vijiji vingi vya Java zimejengwa na wanawake walioko mbali, na wengine hurudi wakakuta jina kwenye cheti si lao.

Kwanza aulize kiwanja kina karatasi gani. Kijijini utasikia *girik* au *Letter C*. Hizo ni kumbukumbu za kodi za zamani. Letter C ni daftari linalokaa ofisi ya kijiji. Zinaonyesha nani alikuwa akilipia kodi, basi. Si hatimiliki. Kanuni ya serikali ya Februari 2021 iliwapa wenye karatasi za namna hiyo miaka 5, yaani hadi Februari 2026, kusajili ardhi yao. Baada ya hapo karatasi haisimami tena kama ushahidi wa umiliki, inabaki kielelezo tu cha kusajilia. Kwa hiyo anayeuziwa kwa girik asipokee maneno "hii inatosha, babu alikuwa nayo".

Pili, mauziano yafanyike mbele ya ofisa wa hati za ardhi, anayeitwa PPAT, kisha yasajiliwe ofisi ya ardhi ya wilaya, BPN. Yeye akiwa Muscat anaweza kumpa mtu uwakilishi kwa barua iliyothibitishwa ubalozini kwao. Barua iseme kinaga-ubaga: kununua kiwanja fulani, *kwa jina langu*. Barua ya "nimempa kaka mamlaka yote" ni hatari.

Tatu, na hili asilipuuze, majirani. Tangu 2017 serikali inapima na kusajili ardhi kijiji kizima kwa pamoja, mpango unaoitwa PTSL, na mpaka haukubaliwi mpaka jirani wa kila upande aukubali. Nilishuhudia siku ya kwetu. Mzee jirani alikuja peku, hana karatasi yoyote mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mmea wa majani mekundu uliooteshwa pembeni na baba mkwe. Watu hapa huutumia kuwa alama ya mpaka. Akaushika shina, akasema: "Hapa. Sote wawili tulikuwepo." Kigingi kikapigwa palepale. Mwenzako akija likizo, azungukie mipaka yake na kunywa chai kwa kila jirani anayepakana naye, ili wajue kiwanja ni cha nani, na si cha kaka.

Mnalala usiku? Polisi wako karibu? (wengi)

Kituo cha polisi kiko mbali, makao ya tarafa. Tunalindwa na *ronda*, doria ya zamu, inayofanana sana na sungusungu wa kwetu walivyokuwa. Chini ya kijiji kuna RT, majirani wa nyumba chache wenye mkuu wao, kama mjumbe wa nyumba kumi. Mpango huo uliletwa Java na Wajapani walipokuwa wakiitawala, mwaka 1944, kwa nia ya kuwachunga watu. Wenyeji wakaugeuza kuwa wa kusaidiana, na upo mpaka leo.

Kila usiku kundi la wanaume hukutana kwenye kibanda cha doria. Kibandani pananing'inia *kentongan*, gogo la mfenesi au pande la mwanzi lililotobolewa ufa. Mapigo yake ni lugha. Mahali pengi kwenye Java mapigo mawili-mawili ni mwizi, matatu-matatu ni moto, na mapigo ya mfululizo yasiyokatika, *titir*, ni hatari kubwa, kila mtu atoke. Nilipofika niliyajua haya kabla sijaijua njia ya sokoni.

Sasa nieleze kikombe. Ukutani pa kila nyumba, karibu na mlango, pana kikombe kidogo. Chetu ni kitako cha chupa ya maji kilichokatwa na kutobolewa tundu la msumari. Jioni mwenye nyumba anatia humo mchele kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole, na ndiyo maana unaitwa *jimpitan*. Siku hizi wengi hutia sarafu. Watu wa doria hupita na tochi, wanakusanya, na fedha inakwenda kwa mgonjwa, msiba au taa ya njia. Lakini ili achukue kilicho kikombeni, mlinzi lazima afike mlangoni kwako, kila usiku, kila nyumba. Kuna bibi mjane hapa kwetu ambaye kikombe chake kilikutwa kitupu usiku mmoja. Hajawahi kusahau. Wakagonga, wakaita "Mbah, Mbah!" yaani bibi, wakasikia sauti ndogo jikoni. Alikuwa ameanguka tangu alasiri, nyonga imevunjika. Yu hai, na sasa mchele anatiliwa na mjukuu.

Mkija kututembelea, mtaona kibao mwanzo wa njia: *Tamu 1x24 jam wajib lapor*. Tamu kwao ni mgeni. Maana yake ni kwamba anayelala zaidi ya siku moja akaripoti kwa mkuu wa RT. Nendeni, na pasipoti mkononi. Mgeni aliyejitambulisha hulindwa na kijiji kizima.

Mwizi akikamatwa?

Apelekwe kwa polisi aliyepangiwa kijiji. Wapo wanaopigwa na umati, sitaficha. Wanaita *main hakim sendiri*, kujifanya hakimu mwenyewe. Usiingie kwenye kundi hilo, hata kama pikipiki iliyoibwa ni yako.

Mimi ni mkulima wa mpunga Mbarali, panya wametumaliza. Nimesikia huko mnatumia umeme. Tufanyeje?

Kaka, nakuomba usijaribu. Wapo wanaozungushia jaruba waya wenye umeme usiku. Panya hufa kweli, na wakulima nao hufa: mwenye shamba akisahau kuzima, jirani anayekwenda kufungulia maji, mtoto anayemfuata bata. Wilaya ya Sragen imezika wakulima wengi kwa sababu hii. Maji ya jaruba na waya ulio wazi, hakuna mtego mbaya kama huo.

Wenzao wa kijiji cha Tlogoweru, wilaya ya Demak, walichagua bundi. Walisimamisha nguzo katikati ya mashamba, juu yake vibanda vya mbao vyenye tundu, na bundi mwenye uso mweupe kama sahani akaja kuzaa humo. Usiku anawinda panya bila waya wala sumu. Wakakataza watu kumwinda, na kijiji kikajulikana nchi nzima.

Najua kwetu bundi akitua juu ya paa mtu anatafuta jiwe. Nimelelewa hivyo hivyo, na mara ya kwanza kukiona kibanda cha bundi nilisoma dua. Lakini huyo bundi mweupe hata Mbarali yupo. Anzeni na nguzo mbili tatu, na muwe na subira: hafungwi kamba akaletwa, huja mwenyewe akiona mahali pa kukaa na chakula kipo.

Kwa nini hamhami chini ya volkano?

Kwa sababu udongo huu unatulisha, na kwa sababu ng'ombe hawahami kwa maneno. Merapi ililipuka Oktoba na Novemba 2010, ikaua zaidi ya watu 350. Wingu la moto linaloporomoka mlimani wenyeji huliita *wedhus gembel*, kondoo mwenye manyoya yaliyosokotana. Ukiliona picha utaelewa, na ukilisikia jina hilo likitamkwa na mzee, utaona anavyoshusha sauti. Mwaka ule watu waliokwisha okolewa walikuwa wakirudi mchana kukata majani na kulisha mifugo yao ndani ya eneo lililokatazwa. Ng'ombe ndiye akiba, ndiye ada ya shule. Ukimwambia mtu amwache, unamwambia aache kila kitu.

Somo hilo likaingia kwenye mipango. Hapa Magelang vijiji vya juu viliunganishwa na vijiji ndugu vya chini: kila kijiji cha hatari kinajua kitapokewa na kijiji gani. Tahadhari zina ngazi 4, kuanzia hali ya kawaida hadi hatari kubwa: *Normal, Waspada, Siaga, Awas*. Novemba 2020 ilipopandishwa hadi Siaga, wazee, wajawazito na watoto walitangulia, na mifugo nayo ikatafutiwa pa kukaa. Mtu mwenye ng'ombe salama hatoroki kambini.

Wanaouliza kuhusu kununua shamba la bei rahisi kando ya mto unaoshuka Merapi: urahisi huo una sababu. Mvua ikinyesha juu, majivu ya zamani hushuka kama uji wa zege ukibeba mawe. Mwanzoni mwa 2011, miezi kadhaa baada ya mlipuko, uji huo ulifukia nyumba na kukata barabara kuu ya Magelang kwenda Yogyakarta.

Ni kweli Sumatra nyumba hurithiwa na wanawake?

Kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, ndiyo. Mali ya ukoo hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na msimamizi ni mjomba. Haiuzwi ovyo. Ila walichochuma mume na mke wenyewe hugawanywa kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu.

Naishi Pangani, mita chache kutoka baharini. Watu wa visiwani huko hujuaje tsunami inakuja, na wengi hawana hata simu?

Kisiwa cha Simeulue, magharibi ya Sumatra, kilikuwa karibu kabisa na tetemeko la Desemba 26, 2004. Kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa kwa mawimbi ni 7. Mwaka 1907 bahari iliwahi kuua wengi pale, na waliosalia wakawatungia watoto wao hadithi na nyimbo zenye neno moja, *smong*. Bibi humwambia mjukuu akimlaza: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikirudi nyuma na samaki wakabaki mchangani, usiokote samaki, kimbia mlimani. Asubuhi ile ya 2004 ilitosha mtu mmoja kupiga kelele "Smong!" kijiji kizima kikapanda.

Wimbi hilo hilo lilivuka bahari likafika kwetu. Somalia liliua karibu watu 300, na Tanzania na Kenya pia liliacha misiba. Pwani yetu tetemeko lenyewe halikusikika, kwa hiyo kwenu Pangani dalili inayobaki ni ile ya pili, maji kukimbia ghafla wakati si wa bamvua. Mtoto wa pwani anajua kupwa na kujaa kuliko mimi nitakavyomfundisha. Mwongezee hilo tu, na mtembee naye mara moja kutoka mlangoni kwenu hadi mahali palipoinuka, mhesabu dakika.