Maswali na Majibu: Mtoto Hajakunyang'anya Gitaa

Safari hii nimechagua maswali ya wazazi wenye watoto wadogo ambao muziki bado umewakaa moyoni. Wengi mmeuliza jambo lile lile kwa sura tofauti, hivyo kama swali lako hulioni, soma jibu la kwanza. Na wale wa kunitumia ujumbe wa sauti usio na mwisho, nimeshasema sisikilizi. Andika.

Shikamoo Anti. Napiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya dansi. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni, shoo Ijumaa na Jumamosi Sinza, na Jumapili tuna bonanza. Mke wangu amejifungua, mtoto ana miezi 3, na sasa anataka niache muziki. Nimweleweshe vipi kwamba muziki ndiyo maisha yangu? (Baba Mpya, Tabata)

Marahaba. Umenitajia siku tano za wiki, na hakuna hata moja uliyosema nani anamshika mtoto. Rudia kusoma barua yako.

Mtoto wa miezi 3 anaamka kunyonya usiku kila baada ya saa mbili tatu. Wewe unarudi alfajiri, unalala mpaka saa 5 asubuhi, na nyumba nzima inaambiwa inyamaze kwa sababu baba kachoka. Aliyeamka mara nne usiku huo huo yeye anaitwa "yuko nyumbani tu". Akikwambia uache muziki, usikimbilie kusema ana wivu. Muulize amelala saa ngapi.

Sikushauri uache. Nakushauri upunguze, na kupunguza kwenyewe kuwe kwa kuonekana. Bonanza la Jumapili mpe deiwaka, mpigaji wa kukushikia nafasi, kwa miezi michache. Mji huu haujapungukiwa wapiga rizimu, na kiongozi wa bendi anayejua kazi yake anao watatu mfukoni. Chagua siku moja ya mazoezi kati ya hizo mbili. Usiku wa Jumapili, Jumatatu na Jumatano mtoto ni wako: akilia unaamka wewe, unambadilisha wewe, mama anamnyonyesha na kugeukia ukutani, kumbembeleza ni kazi yako. Halafu mkeo apate mchana mmoja wa wiki ambao haulizwi anakwenda wapi. Saluni, kwa mama yake, au kulala tu, hayo ni yake.

Kuna jambo hukuuliza. Anajua bendi inakulipa shilingi ngapi kwa shoo? Na pesa za kutuzwa je? Nimesikiliza ndoa nyingi za wanamuziki, na mara nyingi mke hagombani na gitaa, anagombana na bahasha asiyoiona.

Lingine: siku uliyokunywa, hata kama ni bia mbili, usilale kitanda kimoja na mtoto, wala usimpakate kwenye kochi ukapitiwa na usingizi. Mzazi aliyelewa anaweza kumlalia mtoto na asijue. Shati lililokaa ukumbini kwenye moshi wa sigara livue kabla ya kumbeba.

Najua utanijibu kwamba bendi kongwe za dansi zipo, Msondo wapo tangu 1964, walipoitwa NUTA Jazz, na Sikinde tangu 1978, na wote wana watoto na wajukuu. Ni kweli. Hata bendi yenu ikidumu hivyo, wapo watakaokuwa wamekesha nyumbani bila kupigiwa makofi na mtu.

Anti, nina mimba ya miezi 6. Nimeambiwa nikivisha tumbo hedifoni na kumpigia mtoto muziki wa Mozart atazaliwa na akili. Ni kweli? (Mama Kijacho, Kimara)

Si kweli, na nimechoka kulijibu swali hili. Asili yake ni utafiti uliotoka 1993 katika Chuo Kikuu cha California kule Irvine. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima. Baada ya kusikiliza Mozart walifanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kukadiria maumbo, na faida yenyewe ilidumu kama dakika 10 hadi 15. Hapakuwa na mtoto, hapakuwa na mimba. Mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki wa klasiki, na wafanyabiashara hawakulala tena.

Kwa mimba ya miezi 6 mtoto ameanza kusikia, na sauti inayomfikia vizuri kuliko zote ni yako wewe. Imba ukiosha vyombo. Spika usiiweke tumboni.

Sauti yangu ni mbaya, kwaya ilinikataa. Nikimwimbia mwanangu si nitamharibu sikio? (Baba wa Kigamboni)

Imba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal walionyesha mwaka 2015 kwamba watoto wachanga walitulia kama dakika 9 wakisikiliza wimbo wa Kituruki ambao hawakuwahi kuusikia, muda ambao ni kama mara mbili ya waliotulia wakiongeleshwa. Kwa sauti yako tuseme dakika sita. Bado ni faida.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwimbaji wa taarab. Mtoto wangu wa pili ana miezi 7 na kikundi kimeniita nirudi jukwaani. Mume wangu hana neno, ila mama mkwe anasema mwanamke anayenyonyesha hasimami ukumbini. Maziwa nitafanyaje? (Mama Wawili, Mbagala)

Marahaba mwanangu, na hongera. Wasomaji waone tofauti: Baba Mpya wa Tabata ameniuliza atamweleweshaje mkewe, wewe umeniuliza maziwa yatakaaje. Barua hizi mbili nimeziweka safu moja makusudi.

Tuanze na maziwa. Miezi 7 mtoto ameshaanza uji na vyakula laini, kwa hiyo jioni moja bila ziwa haimdhuru. Kamua kabla ya kutoka, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Utasikia watu wakisema maziwa ya mama yanakaa saa 4 mezani. Hiyo ni kwa chumba kisichozidi nyuzi joto 25, na wewe uko Mbagala. Kuanzia Desemba hadi Machi, chumba cha namna hiyo hukipati bila kiyoyozi. Yaingie kwenye friji mara tu ukimaliza kukamua, ndani kabisa nyuma, si mlangoni panapofunguliwa kila dakika. Humo yanakaa hadi siku 4. Umeme ukiwa wa kukatika katika, tafuta kiboksi cha barafu kama cha wauza soda. Kuyapasha moto, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyabandike jikoni. Anyweshwe kwa kikombe kidogo. Chupa ni ngumu kuisafisha. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa yasizidi saa 2, yamwagwe.

Ukumbini nenda na kopo jingine. Pale kikundi kinapopumzika, ingia chumba cha kubadilishia nguo ukamue, la sivyo utarudi jukwaani gauni la shanga limelowa mbele na huku unatakiwa kumrusha mtu roho. Mwombe kiongozi akupange mwanzoni, uimbe nyimbo zako mbili tatu, na ifikapo saa 6 usiku uwe ndani ya bajaji ya dereva unayemfahamu. Akikwambia waimbaji wakubwa wanapanda mwisho, mkumbushe ni yeye aliyekuita.

Mama mkwe usibishane naye. Ningeweza kukwambia umkumbushe kwamba Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarab kwa Kiswahili wakati wengi hawakutegemea mwanamke afanye hivyo, lakini sijaona mama mkwe aliyeshindwa kwa historia. Mumeo ndiye akae na mama yake. Na hilo la kwamba "hana neno" halinitoshi. Mtu asiye na neno anaweza pia kuwa hana kazi. Nataka nisikie kwamba usiku wa shoo yuko nyumbani, anajua maziwa yapo wapi na mtoto anabembelezwa vipi, si kwamba kamwachia dada wa kazi akaenda kuangalia mpira.

Kwenye sherehe ya ndugu yetu mwanangu wa miaka 2 alilala fofofo mbele ya spika. Maana yake kelele hazimdhuru, sivyo? (Mama wa Ubungo)

Sivyo, sivyo kabisa. Mtoto akichoka analala hata sokoni Kariakoo. Sikio halina kope. Yeye kalala, lenyewe linaendelea kupigwa.

Nitaweka hesabu hapa mara moja, muikate muibandike ukutani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila sauti ikipanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Endelea kukata: desibeli 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, na ukifika 99 mtoto amebakiwa na dakika 9 na kidogo kwa wiki nzima. Shirika hilo hilo mwaka 2022 liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa ukomo kwa kumbi za burudani, na hapo lilikuwa linawafikiria wateja wa kumbi, si mtoto wa miaka 2 aliyelazwa kwenye viti viwili vya plastiki. Bibi harusi hajaingia hata ukumbini, mwanao kamaliza mgao wake.

Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Pamba haisaidii kitu cha maana. Vinavyosaidia ni vile vifuniko vya masikio kama vya mafundi wa mashine, vya saizi ya mtoto. Kama huna, kaa mbali na spika na uondoke mapema. Walokole nao wasinicheke: mkesha wenye spika sita ndani ya banda la mabati una desibeli zile zile za kigodoro, ngoma ya usiku ya mtaani.

Nikifanya mazoezi ya kuimba nampa mtoto wa mwaka mmoja na nusu simu aangalie video za nyimbo ili atulie. Si ni muziki pia? (Mwanakwaya, Mwenge)

Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 hauna nafasi ya kioo cha simu wala televisheni kwa mtoto wa umri huo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku. Mpe sufuria na mwiko.

Gitaa langu nimelipandisha juu ya kabati kwa sababu ya mwanangu wa miaka 2. Kila nikilishusha analia alishike. Nimruhusu? (Mwalimu, Gongo la Mboto)

Mruhusu. Unalihifadhi kwa ajili ya nani? Hewa ya Dar yenyewe inazipa nyuzi kutu ndani ya miezi michache, gitaa lipigwe lisipigwe. Lilaze chali kwenye mkeka, kaa naye, yeye apapase nyuzi na wewe uzibane shingoni mwa gitaa kwa mkono wa kushoto. Atashangaa sauti inabadilika na yeye hajafanya kitu. Dakika kumi atakuwa amechoka.

Ila kwanza pitisha jicho. Ncha za nyuzi pale kwenye funguo zikate fupi, zinachoma macho. Kile kiplastiki cha kupigia nyuzi kinaingia kooni mwa mtoto bila shida, kitoe. Na kile kidude cha kutuni unachokibana kichwani mwa gitaa kina betri bapa ndogo kama sarafu. Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuanza kumuunguza ndani ya saa 2. Usimtapishe, usisubiri uone kama itatoka chooni. Hospitali muda huo huo, usiku au mchana. Kidude kikae kwenye droo yenye kufuli, na betri za zamani usiziache kwenye kibakuli cha sebuleni pamoja na funguo.

Binti yangu ana miaka 5, anaimba mpaka wageni wanalia. Watu wanasema nimpeleke studio nimtafutie na meneja. Nianzie wapi? (Mzazi wa Kinyerezi)

Anzia kwaya ya watoto, karibu na nyumbani, mchana. Akipenda ala, ngoma na kinanda vinamfaa sasa hivi. Tarumbeta lisubiri meno ya mbele ya utu uzima yaote, kwenye miaka 7 au 8. Saa za kulala zisiguswe kwa ajili ya shoo yoyote. Na kama ni ada ya shule mnayoitafuta kwenye koo la mtoto, iteni biashara, kisha mniambie fedha zake zinawekwa akaunti ya nani. Meneja wa mtoto wa miaka 5 sijui anamenejia nini.

Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 6. Tangu azaliwe sijagusa kinanda changu. Nitarudi lini? (Mama wa Temeke)

Leo, wakiwa wanakula. Dakika 15, na baba yao awe mezani nao, si wewe unapiga kwa mkono mmoja na wa pili unalisha. Kinanda kilichokaa miaka 6 kifute vumbi kwanza na ukague waya kama panya hawajautafuna, ndipo uchomeke kwenye umeme.