Presha imeninyima kazi ya polisi

SWALI: Nimefaulu mbio na usaili wa polisi, lakini daktari ameandika "hafai" kwa sababu ya presha 152/94. Sijawahi kuugua. Nifanyeje?

JIBU: Omba sababu hiyo kwa maandishi, pamoja na nakala ya fomu ya vipimo. Bila karatasi unabishana na hewa. Angalia pia mwisho wa muda wa rufaa; ukipita, hata hoja nzuri huenda isisomwe.

Sasa jiulize presha ilipimwaje. Kwa kawaida kipimo kimoja cha namna hii hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ulipaswa kutulia dakika 5 bila kuongea, umeegemea, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa. Mkanda mdogo wa mashine kwenye mkono mnene hupandisha namba, kibofu kilichojaa vilevile. Kupimwa mara tu baada ya mbio ndiyo balaa kabisa. Na wapo ambao presha huwapanda wakimwona daktari tu.

Mwombe daktari bingwa kipimo cha saa 24, kile cha kushinda na kulala umevaa mashine ya presha. Wastani ukiwa chini ya 130/80 bila dawa, una ushahidi mzito. Ripoti ioneshe namba zote, tarehe, saini na mhuri. "Yuko fiti" peke yake haisaidii. Usimeze dawa kwa siri ili upite.

Barua ya rufaa iwe ya ukurasa mmoja: omba kupimwa upya na bodi ya madaktari, usilalamike. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.