Shangazi Anajibu: Niliishia Kilomita ya 14

Mwezi huu barua tatu zimeangukia jambo moja, kukimbia mbio za hisani baada ya saratani, nami nikiri mapema kwamba siwezi kulijibu kama hakimu aliyekaa mbali. Miaka tisa iliyopita nilitibiwa limfoma, saratani ya tezi za limfu, awamu sita za dripu, na mwaka uliofuata nikajiandikisha kwenye mbio za hisani. Kwa hiyo mkiona nang'aka mahali fulani, mjue nimeguswa kwenye kovu langu.

*SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41. Nilikatwa titi la kushoto na kutolewa tezi 14 za kwapani, nikapewa kemo kisha mionzi. Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu nimalize, ila bado nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi, kila siku. Miezi mitano ijayo kuna mbio za kuchangia wagonjwa wa saratani, nami nimeshawatangazia watu kwamba nitakimbia nusu marathoni, kilomita 21. Kaka yangu mkubwa amekasirika. Anasema mwili uliookolewa kwa shida haurudishwi kwenye hatari. Nyayo zangu zina ganzi na mkono wa kushoto huvimba nikichoka. Kabla ya kuugua sikuwahi kukimbia, labda kukimbilia basi tu. Je, kaka ana haki? — Mkimbizi Mtarajiwa*

Marahaba mwanangu. Kwanza sahihi yako. Mkimbizi ni mtu anayekimbia vita. Wewe ni mkimbiaji. Nilitaka kukusahihisha nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Pengine hukukosea.

Kaka yako ana haki nusu. Nusu aliyokosea ni kudhani kwamba mwili uliotoka kwenye saratani ni chombo cha udongo cha kuwekwa juu ya kabati. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa mazoezi na saratani kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo wake: mazoezi ya wastani ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni kwa watu kama mimi na wewe. Lakini hebu soma tena. Nusu saa, mara tatu. Hapo hakuna kilomita 21. Ukiniambia unakimbia nusu marathoni kwa ajili ya afya, nitakukatalia. Unaikimbia kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ni yako, wala huhitaji kuivalisha koti la daktari.

Umenitajia nyayo, mkono na vidonge. Hukuutaja moyo. Je, kemo yako ilikuwa na ile dripu nyekundu, inayofanya hata mkojo utoke mwekundu? Ile ni doksorubisini au ndugu yake. Inaua saratani, lakini inaweza pia kudhoofisha misuli ya moyo, na wakati mwingine udhaifu huo hujitokeza miaka baada ya tiba. Kwa hiyo kabla ya raba, kabla ya fulana, nenda kwa daktari wako wa saratani umwambie waziwazi: nataka kukimbia umbali fulani, tarehe fulani, nipimwe moyo kwa eko, kile kipimo cha mawimbi ya sauti. Usimwambie "nataka kufanya mazoezi kidogo". Mimi nilimwambia hivyo, akaitikia kwa kichwa huku anaandika, kumbe alidhani nazungumzia kutembea jioni.

Sasa ganzi. Watu wengi huichukulia kama kero ndogo, nami nilikuwa mmoja wao. Baadhi ya dawa za kemo, zikiwemo za kundi la takseni ambazo hutumika sana kwa saratani ya titi, na vinkristini niliyopewa mimi, huumiza neva, yaani mishipa ya fahamu, za miguu na mikono. Neva ikiumia, habari hazifiki. Siku moja nilikimbia mazoezi ya kilomita sita, nikarudi nyumbani nikijisifu. Mjukuu wangu ndiye aliyeuliza kwa nini soksi yangu ina damu. Nikavua. Kulikuwa na kokoto, ndogo kama punje ya dengu, iliyoingia sijui wapi, nami nimeikanyaga njia nzima bila kujua. Lengelenge lilikuwa limeshapasuka na ngozi imechubuka. Lilichukua wiki tatu kupona.

Tangu siku ile raba yangu naikung'uta na kuipapasa ndani kabla ya kuvaa, na nikirudi nazikagua nyayo kwa macho, kwa kioo kidogo, maana vidole vyangu vya mikono navyo havisemi ukweli wote. Nakimbia mchana, mahali palipo sawa. Mguu wenye ganzi haujui vizuri ardhi iko wapi, na gizani macho hayawezi kuusaidia.

Mkono usikutishe kupita kiasi. Zamani mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani aliambiwa asinyanyue kitu kizito maisha yake yote. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake wenye uvimbe wa namna hiyo: walinyanyua vyuma, wakiongeza uzito polepole chini ya uangalizi, na uvimbe wao haukuzidi ule wa wasionyanyua. Maneno ya kushika hapo ni "polepole" na "uangalizi". Mtafute mtaalamu wa viungo akupime, akuambie kama unahitaji soksi ya mkono ya kubana. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au ukipata homa, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa unameza tamoksifeni, dawa inayoweza kuongeza uwezekano wa damu kuganda, uvimbe na maumivu kwenye shavu la mguu mmoja usiyapuuze kwa kusema "ni msuli tu, nimekimbia sana". Wakimbiaji wapya kila kitu tunakiita msuli.

Nilivyoanza mimi: nguzo za umeme. Natembea nguzo mbili, nakimbia moja. Wiki ya tatu natembea moja, nakimbia moja. Kipimo changu kilikuwa ulimi. Nikishindwa kutamka sentensi nzima bila kuikata, napunguza mwendo. Kuna siku nilifika nguzo ya pili nikarudi kulala, na sikujisukuma, kwa sababu uchovu wa kemo si mvivu wa kuchapwa viboko. Ukiukimbilia leo, kesho unakulaza kitandani.

Na hapa ndipo nusu ya haki ya kaka yako. Miezi mitano kutoka sifuri hadi kilomita 21, ukiwa na ganzi, mimi singekuruhusu kama ungekuwa binti yangu. Kama mbio hizo zina kilomita 5 au 10, hamia huko, na uwatangazie watu kwamba umehamia. Najua unachoogopa. Unaogopa waliokwisha kuahidi michango.

Basi nikusimulie. Mimi niliomba michango kwa kila kilomita: nikikimbia moja unatoa kiasi hiki, nikimaliza 21 unatoa mara 21. Nilidhani ni ujanja. Kilomita ya 14 ule uchovu ukaja kama mgeni anayeijua njia ya nyumbani kwako. Si maumivu, si pumzi. Mwili ulizimika tu. Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki, kituo cha maji, nikalia kwa aibu, wala sikulia kwa ajili yangu. Nilikuwa napiga hesabu za kilomita saba zilizobaki. Binamu yangu alilipa kilomita 14 kamili. Ya 15 hakuitoa! Mpaka leo tukikutana kwenye harusi namwita "mhasibu".

Baadaye ndipo nilipoisoma vizuri habari ya Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Aprili 12, 1980 alianza kuikimbia nchi yake kutoka mashariki kwenda magharibi kwa mguu wa bandia, karibu marathoni moja kila siku, akitafuta dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti wa saratani. Septemba 1 akasimama. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekimbia siku 143 na kilomita 5,373, na bahari ya upande wa pili hakuifikia. Kufikia Februari 1981 michango ilikuwa imepita dola milioni 24, kiasi cha dola moja kwa kila mtu nchini mwake. Hakuna aliyekata pesa kwa sababu hakufika. Alifariki Juni mwaka huohuo, akiwa na miaka 22. Sikutajii ili umuige, kwani mwili wake ulilipa gharama ambayo sitaki wewe uilipe. Nakutajia ili umsomee kaka yako, na binamu zako kama unao wa aina ya wangu.

Kuhusu mwendo, usimwonee mtu haya. Fred Lebow, mmoja wa waanzilishi wa New York City Marathon, aligunduliwa uvimbe wa saratani kwenye ubongo mwaka 1990. Mwaka 1992 aliikimbia marathoni yake mwenyewe akiwa na miaka 60. Pembeni yake alikuwa Grete Waitz wa Norwe, mwanamke aliyezishinda mbio hizo mara tisa, naye akaupunguza mwendo wake mpaka wa mgonjwa. Walitumia saa 5 na dakika 32. Waitz ndiye aliyekuwa na kazi ngumu siku ile, nadhani.

*SWALI: Shangazi, mimi ni mwanamume wa miaka 36, nimepona saratani ya utumbo mpana, nina mfuko wa choo tumboni. Nitakimbia kilomita 10 kuchangisha pesa za wagonjwa. Marafiki wananisukuma niweke picha zangu za hospitalini, nimekonda na mirija puani, wanasema ndizo zinazoleta pesa. Sipendi. Pia pesa zimeanza kuingia kwenye simu yangu na sijui nizipange vipi. — Sina Aibu Ila Sitaki*

Usiziweke. Umemaliza swali lako mwenyewe kwenye sahihi.

Mchangiaji ana haki ya kujua pesa yake inakwenda wapi, lakini hana haki ya kukuona umelala. Badala ya mirija, andika jambo linaloshikika: pesa hizi zitalipa nauli za wagonjwa wanaokwenda kwenye mionzi, au vitanda, au chochote mlichokubaliana na wanaopokea. Na ukiweza waombe marafiki wasikuite "mpiganaji". Neno hili linanichoma. Nililala wodi moja na wanawake wawili waliokuwa na ujasiri kunizidi, na hawakutoka. Sisemi walishindwa vita.

Pesa zihame leo kutoka simu yako. Mimi nilizichanganya na za kwangu, nikakesha usiku mara tatu na daftari nikijaribu kukumbuka ipi ni ya ada ya shule na ipi ni ya wagonjwa. Fungua akaunti ya pembeni, wawe watu wawili wa kuidhinisha, na kila Jumapili tangaza jumla. Siku ya kukabidhi dai stakabadhi na uionyeshe kwa wote. Kama ada ya kujiandikisha au raba zitatoka kwenye michango, sema kabla, si baada. Na omba kiasi kamili, si cha kilomita. Sababu umeisoma hapo juu.

Mfuko haukuzuii kukimbia. Umwage kabla ya kuanza, ufunge kwa mkanda maalumu usiruke, na ufanye hivyo mara nyingi kwenye mazoezi ili siku yenyewe isiwe ya majaribio. Muulize muuguzi wako mambo mawili: kama ukuta wa tumbo lako umepona vya kutosha, kwa sababu henia (ngiri) hupenda kutokea pale pembeni ya tundu la mfuko; na kiasi cha maji na chumvi, hasa kama tundu lako ni la utumbo mdogo, maana wenye tundu la namna hiyo hupoteza maji haraka.

*SWALI: Shikamoo. Mama yangu amepona na anataka kukimbia kilomita 5. Mimi ni mwanawe wa pili, nitakimbia pembeni yake. Kazi yangu ni nini hasa?*

Marahaba. Kazi yako ni kuwa nyuma yake nusu hatua, usimvute. Beba maji, karatasi yenye majina ya dawa zake na namba ya daktari. Usimwambie "tumekaribia" kama hamjakaribia, tunajua. Na kabla ya siku hiyo mkubaliane neno moja la kusimama, ambalo akilitamka hakuna kubembelezana, hakuna "jaribu kidogo tu mama".

Sisi neno letu lilikuwa "kiti". Nililitamka kilomita ya 14, na binti yangu hakuniuliza mara ya pili. Alikwenda kukitafuta.