Mbona kwenda China ni mbali kuliko kurudi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza vitenge na viatu hapa Kirumba, Mwanza. Kijana wangu anakwenda Guangzhou kufuata mzigo, na hajawahi kupanda ndege. Tiketi inasema ataondoka Dar 10:00 na kufika kesho yake 01:30. Kurudi, ataondoka 04:00 na kufika Dar 10:00 siku hiyohiyo. Nikihesabu, kwenda ni saa 15 na nusu, kurudi saa 6. Ndege inarudi kwa njia gani? Au wakala kakosea?
Mama wa Kirumba

JIBU: Marahaba mama. Wakala hajakosea, na njia ni ileile. Saa ya kuondoka huandikwa kwa saa za kule ndege inakotoka, na ya kufika kwa saa za kule inakotua. China wametutangulia saa 5. Kwa hiyo kwenda, toa 5: zinabaki saa 10 na nusu. Kurudi, ongeza 5: zinakuwa 11.

Swali lako lilinifanya niteremshe tufe langu la kufundishia kutoka juu ya kabati. Kipenyo chake ni sentimita 30, hivyo kila sentimita juu yake ni kama kilomita 425. Nilichukua uzi wa nyavu, nikaubana kwa kidole gumba pale Dar, nikauvuta hadi Guangzhou mpaka ukakaza. Ukakatiza Bahari ya Hindi, ukapita karibu na Chennai kusini mwa India, ukavuka Myanmar. Nikaupima kwa rula: sentimita 20 na nusu, yaani kama kilomita 8,700. Ndege kubwa ikishatulia angani hukimbia kilomita 900 hivi kwa saa. Gawanya, ongeza muda wa kupaa na kushuka, unaipata ile saa 10 na nusu.

Ile nusu saa inayozidi wakati wa kurudi ni ya upepo. Kaskazini mwa Ikweta, huko juu, hasa majira yao ya baridi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Anayekwenda China unamsukuma mgongoni, anayerudi unampiga usoni.

Kutoka Mwanza hadi Dar ni kilomita 850 kwa ndege, saa moja na nusu hivi. Kwa basi ni zaidi ya 1,100, kwa hiyo akipanda basi aondoke mapema. Na mama, msisitizie hili: 10:00 ya tiketi ni saa nne asubuhi, siyo saa kumi. Nimeshaona mtu akifika uwanjani na masanduku yake wakati ndege imeondoka kitambo, kwa kosa hilo tu.

Atakapotua 01:30, hapa Kirumba itakuwa saa mbili na nusu usiku. Bado ana foleni ya uhamiaji na kusubiri mabegi, basi simu yake uanze kuitegea kuanzia saa tatu na nusu.