Uliza kwanza: saa ya nani?

Wewe unayeanza kusoma nadharia ya uhusianifu, ile ya Einstein inayosema muda hauendi sawa kwa wote, usiogope hesabu. Za mwanzoni ni kuzidisha, kugawanya, kutoa na kipeuo cha pili, basi. Kinachoangusha watu ni kusahau kuuliza saa inayotajwa kwenye swali ni ya nani.

Chukua swali la mapacha: mmoja anasafiri angani kwa kasi kubwa, mwenzake anabaki Duniani, na msafiri hurudi akiwa kijana zaidi. Mimi katika jaribio langu la kwanza nilimrudisha msafiri nyumbani akiwa mzee kuliko pacha wake aliyebaki. Niligawanya palipotaka kuzidisha. Tangu siku hiyo, kabla sijakokotoa lolote, nachora safu mbili: saa ya anayesafiri, saa ya aliyebaki.

Tuseme nyota iko umbali wa miaka 8 ya nuru, yaani mwanga huchukua miaka 8 kufika huko, na chombo kinakwenda kwa 0.8 ya kasi ya mwanga. Kwa aliyebaki, safari ya kwenda ni miaka 10. Sasa zidisha 0.8 kwa 0.8, upate 0.64. Itoe kwenye 1, inabaki 0.36, ambayo kipeuo chake ni 0.6. Zidisha miaka 10 kwa 0.6: saa ya msafiri basi itahesabu miaka 6. Akigeuza papo hapo na kurudi kwa kasi ileile, yeye ameongeza miaka 12 na pacha wake 20. Amefika miaka 8 mbele ya umri wake, na njia ya kurudi nyuma hana. Humo chomboni hakuhisi lolote: moyo ulidunda vilevile, usingizi ulikuja vilevile. Kwa hiyo ukiandika “muda ulienda polepole”, malizia sentensi: kwa kulinganisha na saa ipi?

Mtu atakuuliza, mbona msafiri naye asiseme Dunia ndiyo iliyokimbia? Kwa sababu ni yeye aliyegeuza. Jibu ni fupi, ila mimi lilinichukua wiki mbili kulielewa, tena baada ya kulichora.

Usikubali kuambiwa kwamba haya ni maneno matupu. Mwaka 1971 wanasayansi wa Marekani, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria na saa nne za atomu, wakaizunguka dunia. Zilipokwenda mashariki, zilibaki nyuma ya saa za ardhini kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 59 hivi. Zilipokwenda magharibi, zilitangulia kwa 273. Hapo ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, maana wamekariri tu kwamba mwendo huchelewesha saa. Kumbe saa ya ardhini nayo inazungushwa na Dunia kuelekea mashariki. Anayeruka magharibi anaupunguza mwendo huo. Isitoshe, juu graviti, yaani mvutano wa Dunia, ni hafifu, na saa huko hukimbia zaidi. Satelaiti za GPS zinaonja yote mawili: zinapoteza mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 7 kwa siku kwa mwendo na kupata 45 kwa kimo.

Kwa binadamu, faida bado ni ndogo mno. Mwanaanga wa Urusi Sergei Krikalev alikaa angani siku 803, akajipatia takriban sehemu moja ya hamsini ya sekunde.

Sasa rudia hesabu ya pacha kwa kasi ya 0.6. Kipeuo kisipokuwa 0.8, rudia hatua zako, kisha angalia safu zako.